Mwasumini wa Mama Unaungua

Jumatatu, 6 Januari 2025

Daktari wa presha ameniambia nipunguze hasira. Kijana mdogo, ndevu zenyewe za kuhesabu. Nikamwuliza nizipunguze nizipeleke wapi. Akasema andika, mama, wengine huandika. Haya. Naandika.

La kwanza basi: mwasumini wa Mama unaungua. Leo asubuhi nimeona majani ya chini yana kingo za kahawia, zimekunjamana, ukizigusa zinavunjika. Nimeyachuma yote nikayatupa nyuma ya choo nisiyaone.

Mama yuko Kilifi kwa dada yangu tangu mwezi wa kumi na moja. Ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto juzi juzi tu. Miaka sita alikuwa haoni ila kivuli. Asumini akizichuma kwa kupapasa, na haachi hata ua moja. Jana kanipigia simu: siku ya kurudi asipelekwe ndani, asipewe chai, apelekwe moja kwa moja chini ya dirisha lake akauone mwasumini wake. Aliupanda mwenyewe, kitawi alichopewa na mamake Lamu alipokuja kuolewa huku Malindi. Anarudi mwanzo wa mwezi ujao.

Na mlinzi ni mimi. Na unaungua.

Jambo moja tu humu nyumbani halinikasirishi: pampu. Mama alipoondoka nilimng'ang'ania kaka yangu Abubakr mpaka akaileta, pamoja na tanki. Fundi Baya kaifunga siku moja tu. Maji yakipungua kwenye tanki inajiwasha yenyewe, yakijaa inajizima. Mama hajui — itakuwa zawadi yake. Miaka yote nimevuta ndoo mpaka viganja vikaota sugu, na mimi mtu wa cherehani, viganja ndivyo kazi yangu. Kamba ya kisima nimempa Ndinda, mpangaji wetu wa chumba cha uani, afungie mizigo yake. Sitaki kuiona tena.


Jumatano, 8 Januari

Nimefua shuka nne. Sabuni ya mche, ile ile ya siku zote. Nimesugua mpaka viwiko vimelia — povu hakuna! Maji yanakuwa na vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, na shuka zimetoka ngumu kama ngozi ya ngoma.

Nimekwenda dukani kwa Mohammed. Nimemwambia mbele ya wateja kwamba anauza sabuni bandia. Kaapa kwamba ni sabuni ile ile, katoni ile ile, hata mkewe anaifulia. Nikamwambia basi mkewe pia anavaa nguo chafu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kanijibu kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonizidishia hasira.

Nitanunua sabuni mjini. Kwa Mohammed sikanyagi tena.


Jumamosi, 11 Januari

Nimemkamata.

Baada ya alasiri nilikuwa dirishani kwa Mama nikifungua mapazia, nikamwona Ndinda ameinama na karai, anamwaga maji meupe kwenye shina la mwasumini. Meupe! Nikamwuliza kulekule dirishani: maji hayo ni ya nini? Akashtuka. Akasema ni maji ya kuosha mchele, kwao Kitui wanamwagia mimea, inapendeza. Nikamwambia mwasumini huu si wa Kitui. Umekaa hapa Malindi miaka hamsini na ushei bila kula mchele wa mtu.

Akasema pole Bi Wafa. Akainua karai, akaenda zake.

Maji ya mchele? Mchele gani mweupe hivyo? Ile ni omo. Au jiki. Nimeenda kunusa udongo, sikunusa kitu, lakini jua lilikuwa limeshaukausha.

Mwanamke huyu tangu aje hapa uani hakukaliki. Kila pembe ana mikebe ya rangi aliyoitoboa chini, kila mkebe una mche. Anauza barabarani kwa watu wenye bustani za Watamu. Sasa ameongeza ile miti ya krismasi ya bara. Anakata vitawi, anavichomeka mchangani kwenye mikebe, anangoja viote mizizi. Amejaza ukuta mzima. Ukipita na beseni ya nguo unapita upande upande kama kaa.


Jumapili, 12 Januari

Ndinda kaenda kanisani. Nimekwenda kuchungulia mikebe yake. Si haramu, ua ni wetu.

Miti yake ya krismasi pia imegeuka kahawia! Si yote. Iliyo karibu na mfereji wa tanki imeshakwisha, kahawia mpaka kileleni. Mingine ina vidole vya kahawia pembeni. Na mikebe ina ukoko mweupe ukingoni, kama chokaa. Nikaukwangua kwa kucha. Huyu anatia nini humu?

Nilifurahi kidogo. Ndiyo, nilifurahi, na naandika kwa kuwa hakuna anayesoma. Kisha nikaona: kwake ndiko kulikoanza. Miti yake imekufa zaidi kuliko mwasumini. Maana yake ugonjwa ni wake, umetoka bara pamoja na vitawi vyake, ukaruka ukuta ukauingia mwasumini wa Mama. Nilijua!


Jumanne, 14 Januari

Tumesemezana. Nilimwita, nikamwonyesha mwasumini, nikamwonyesha mikebe yake, nikamwambia aeleze.

Kasema yeye mwenyewe haelewi. Alidhani ni jua, akaweka kivuli cha makuti. Alidhani ni kiu, akaongeza maji, sasa anamwagilia asubuhi na jioni, mpaka majani anayaogesha. Kwao maji ni ya kuomba Mungu, hapa yapo ya kufungua tu, basi anamwagilia. Na bado inakufa.

Kisha akasema neno ambalo limekaa kichwani mwangu. "Bi Wafa, hii miti haifi hivi unaona. Unakata, unaweka kwa mchanga, inakaa kijani hata mwezi, hata miwili, na ilishakufa kitambo. Ukiona imekuwa kahawia, hiyo si habari ya leo."

Nikamwambia vizuri, umejihukumu mwenyewe. Kumbe ulituletea wafu humu ndani, wakakaa wamejipaka kijani, na ugonjwa wao ukauingia mwasumini wa Mama. Akasema hajasema hivyo.

Umesema! Nimekusikia kwa masikio yangu.


Alhamisi, 16 Januari

Nimenunua dawa ya kupuliza. Mwenye duka aliniuliza ni wadudu gani. Nikamwambia wadudu wa Kitui. Nimepuliza mpaka nimekohoa. Kisha nikafungua mpira wa tanki nikauogesha mwasumini mzima, juu mpaka chini, maji tele. Nimemwagilia sana wiki hii. Kwa ndoo nisingeweza.

Mama kapiga simu. Anaona! Kasema ameona kunguru ana shingo nyeupe, alikuwa amesahau. Kasema dada yangu amezeeka. Alicheka. Kisha akauliza anayouliza kila mara: "Kisima chalala?"

Hiyo ndiyo sheria ya Mama tangu tukiwa wadogo. Alasiri ikishaswaliwa hakuna kuteka tena mpaka alfajiri. Kuteka ni kwa ndoo, polepole, na usikwangue chini. Kisima nacho hulala, akisema, kina jini wake, aachwe apumzike. Mimi niliwahi kuchapwa kofi kwa kata moja ya maji ya jioni. Abubakr hutaja jini huyo mpaka leo akitaka kunichekesha.

Nikajibu chalala, Mama.

Na pampu ikajiwasha palepale. Mama akauliza mlio gani huo. Nikasema cherehani. Akasema haya, shona mwanangu.


Jumatatu, 20 Januari

Tawi kubwa la upande wa kulia limekwisha. Lile linaloingia dirishani, ambalo Mama hulivuta kitandani kwake. Majani yote kahawia, na vichipukizi vya maua vimekauka kabla havijafunguka. Nimekata kidogo nione ndani — kumekauka.

Nimelia. Kisha nimekasirika kwa kulia.

Nimekwenda kwa Ndinda moja kwa moja, sikuvaa hata viatu. Nimemwambia mwezi huu ukiisha atafute pengine. Yeye na mikebe yake na wafu wake. Nilidhani atabishana. Angalibishana ningalimmaliza. Akauliza tu kama nimeongea na mama mwenye nyumba. Nikamwambia mama mwenye nyumba yuko hospitali ya macho na mimi ndiye nisimamiaye. Si kweli, hospitali alishatoka. Akasema sawa, Bi Wafa.

Miaka miwili kakaa hapa. Mama alikuwa akimwita aje amsomee majina ya wanaopiga simu. Basi. Angefikiria hayo kabla ya kuchezea mti wa mtu.


Jumapili, 26 Januari

Majani yamepukutika mengi. Nimeyafagia mara mbili leo. Mama anarudi Jumapili ijayo. Abubakr atamleta kwa gari lake.

Nimewaza kununua mwasumini mwingine na kuupanda palepale. Abubakr kasema wazo zuri, hataujua. Nikamwambia wewe ndiye hungeujua. Mama angeujua hata kabla hajapasuliwa.


Ijumaa, 31 Januari

Sijui nianzie wapi.

Maji ya bomba yamekatika tangu jana. Haya ya bomba ndiyo tunayopikia na kunywa, na ndiyo ya bafuni. Ya kisima ni ya kufulia na bustani tu. Leo adhuhuri nikatoka uani kutawadha kwenye mfereji wa tanki. Nikanawa mikono. Nikatia maji mdomoni nisukutue.

Chumvi!

Si ladha ya bomba, si kutu. Chumvi ya bahari, kama nimekunywa wimbi. Nikatema. Nikatia tena, labda ni mdomo wangu. Chumvi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshakaa chini kwenye kibao, maji yananitoka mdomoni kama mtoto mchanga.

Kisima chetu! Tulichokunywa sote, tukakulia, kabla ya bomba kuja. Mama akisema maji yake hayahitaji sukari.

Na hapo yakaanza kuja, moja baada ya jingine. Sabuni. Sabuni haipigi povu kwenye maji ya chumvi, nani pwani hii hajui? Mohammed wa watu! Ukoko mweupe kwenye mikebe. Miti iliyo karibu na mfereji ndiyo iliyokufa kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonyweshwa zaidi. Na mwasumini niliuogesha mimi, kwa mkono wangu, juu mpaka chini, kila siku, na kadiri ulivyokuwa ukiungua ndivyo nilivyozidi kuumwagia.

Kisha neno la Ndinda. Ukiona kahawia, si habari ya leo. Nikahesabu siku nyuma mwenyewe pale kwenye kibao. Kahawia tumeiona mwanzo wa Januari. Mwezi, hata miwili nyuma. Karai la mchele halikuwapo. Vitawi vyenyewe ndiyo kwanza vimechomekwa. Kilichokuwapo ni Fundi Baya na spana yake, na mimi nimesimama kando nampigia makofi.

Hakuna jini. Sasa naelewa, na nimeelewa nina miaka hamsini na mbili, aibu gani hii. Huku kwetu maji matamu hukaa juu tu, chini yake kuna ya bahari. Ukiteka kwa ndoo na ukakiacha kisima kikalala, ya juu hujikusanya tena. Ukiyavuta kwa pampu mchana na jioni bila kupumzika, unayamaliza, na bahari inapanda. Mama alijua. Watoto hawaogopi maelezo, wanaogopa jini. Basi akatupa jini.

Na mimi nikamcheka, nikaleta pampu.

Nimeizima. Nikakimbilia kisimani niteke kwa ndoo nione kama juu kumebaki matamu. Kapi la kuvutia ndoo lipo. Kamba haipo.

Ndinda hayupo, kaanza kuhamishia mikebe Kakuyuni. Nitamwambia kesho.


Jumamosi, 1 Februari

Nimempigia Abubakr. Kasema chumvi kidogo haiui mti. Kasema pampu ameshaitangaza kwa ukoo mzima, na kesho anataka kumwonyesha Mama, nisimharibie. Tukishamwonyesha ndipo tutazungumza. Nimemwita majina ambayo sitayaandika hata humu. Akasema wewe ndiye uliyeitaka, Wafa. Nikakata simu.

Kweli ni mimi niliyeitaka. Ndiyo maana nilikata.

Jioni nilikwenda mlangoni kwa Ndinda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, njia yenyewe hatua chache tu za ua. Nilikuwa nimepanga kusema nimekudhulumu, kaa. Alikuwa chini anafunga mikebe iliyobaki, miguu imejaa vumbi jekundu la Kakuyuni. Akaniona, akainuka, akafuta mikono kwenye leso. "Shikamoo, Bi Wafa."

Shikamoo! Baada ya yote yale, ananiamkia. Ningalipenda anitukane.

Nikafungua mdomo, ukasema: "Ufunguo uuweke dirishani."

Mdomo gani huu? Huyu daktari angenipa dawa ya mdomo, si ya presha. Nimerudi chumbani nimejifungia. Nina hasira na Abubakr, nina hasira na Baya, nina hasira na chumvi, na zote nikizifuata zinanirudisha kitandani hapa nilipokaa. Kesho asubuhi, kabla pikapu yake haijaja, na kabla Mama hajafika. Nitasema.


Jumapili, 2 Februari

Naandika mbio. Nimekuja chumbani kwangu kuchukua kiti cha Mama. Kiti kiko hapa mkononi.

Wamefika mapema. Abubakr hakuniambia. Pikapu ya Ndinda ilikuwa tayari langoni, mikebe imepangwa juu, na Mama akashuka kwenye gari la Abubakr nyuma yake. Miwani nyeusi. Akaivua palepale langoni. Hakusalimia mtu. Kapita na fimbo yake, na mkono wangu kaukataa, mpaka chini ya dirisha.

Akasimama. Mwasumini umebaki vijiti, na majani machache ya kahawia ambayo hayajaanguka. Kijani kipo kidogo, upande wa ukutani, nilikuwa nikiomba aanzie huko. Hakuanzia huko. Akashika jani, likavunjika, tukalisikia.

Sikuwahi kuyaona macho ya Mama yakitazama kwa miaka sita. Yanatazama kila kitu. Yakalifuata bomba ukutani, kutoka dirishani mpaka kwenye tanki, kutoka tanki mpaka kisimani. Yakakaa kwenye kapi tupu.

"Nani kaniunguzia?"

Abubakr akanitangulia. Akasema ni ugonjwa wa miti ya yule mpangaji wa bara, na Wafa keshamfukuza, ndiyo huyo anatoka. Kwa sauti kubwa, na Ndinda yuko langoni na mkoba wake, anasikia kila neno. Mama akageuka kumtazama. Miaka miwili kamjua kwa sauti, leo ndiyo kwanza anamwona sura. Na Ndinda, badala ya kujitetea, akamwambia pole na macho, mama.

Nami nikasema naleta kiti. Nikakimbia! Mtu mzima, nimekimbia.

Nawasikia kupitia dirishani. Mama ameuliza kamba ya kisima yafanya nini kwenye gari la watu. Kweli, mikebe yote imefungwa kwa kamba yetu. Ndinda anajibu alipewa. Anaifungua, nasikia mikebe ikigongana. Mama anamwambia aiache kwanza. Anamwambia dereva azime gari.

Dereva amezima.

Sasa nisimame nitoke. Maneno ni machache, nimeyapanga tangu juzi, natoka —

Abubakr ameshaiunganisha tena pampu niliyoizima. Sikujua. Imejiwasha yenyewe, pale pale katikati ya kimya, na Mama ameinua sauti kuelekea dirisha langu.

"Wafa. Nani ashona?"